Matobolwa ya Bibi

Leo asubuhi, sokoni Bariadi, mama mmoja alifunua sufuria ya matobolwa. Ule mvuke wa viazi vitamu vikavu vilivyochemshwa ukanirudisha kwenye banda la gemu la utotoni mwangu.

Siku ile nilikuwa nimeshika pedi ya gemu la tenisi kwa mara ya kwanza, na sikuamini macho yangu. Mchezaji wangu, msichana mrefu, alihema kama mtu wa kweli. Jasho liliigandisha fulana yake mgongoni, na kila alipoteleza aliacha mchirizi kwenye udongo mwekundu.

Hapo ndipo bibi yangu akaingia, miguu imejaa vumbi la kutoka kijijini kwake Shishiyu, kifurushi cha kitenge mkononi. Alikuwa amenitafuta mtaa mzima.

"Mwadila," akatusalimia wote kwa Kisukuma. Kisha akaikodolea macho runinga. "Jamani, huyu binti mnamkimbiza juani hivi, amekula lakini?"

Banda zima likaangua kicheko.

"Ni nani wako huyo?" akaniuliza msichana niliyekuwa nacheza naye, huku akijifuta machozi.

Sikugeuka. "Simjui. Anauza matobolwa tu."

Bibi alikishusha kifurushi chake. Halafu akafungua kitenge alichokuwa amefungia matobolwa aliyonibebea mimi, akaanza kupita kwa mmoja mmoja.

"Nunueni wanangu, matamu haya, nimeyachemsha alfajiri."

Wakanunua huku wanacheka. Aliponifikia akainama, akaniuliza kwa upole ule ule aliotumia kwa wenzangu:

"Na wewe, binti, utachukua?"