Kabichi Zisizo na Matundu

Asubuhi ile, waheshimiwa wa kamati ya bunge wakiwa njiani, Mama Mboji aliingia shambani kwake, akainamia tuta la kwanza la kabichi. Majani yalikuwa laini, mazima, hayana tundu hata moja. Mtu mwingine angechekelea. Yeye alifunua jani la chini akakuta viwavi wamekauka kama vipande vya uzi, na harufu kali ikampanda puani.

Jina hilo la Mboji, mbolea ya majani yaliyooza, alipewa kwa kejeli na wakulima wenzake, alipoanza kuwapigia kelele waache kunyunyizia sumu chakula cha watoto wao. Walimcheka mpaka wakachoka. Kisha mmoja akajaribu, jirani akaiga, wakawa chama, naye wakamfanya mwenyekiti, maana mdomo wake, walisema, haujui likizo. Chama hakikuwa na uwezo wa kumlipa mkaguzi wa kampuni inayotoa vyeti vya kilimo hai, yaani kilimo kisicho na sumu, kwa hiyo walikaguana wenyewe: wewe unaingia kwangu, mimi naingia kwako, na shamba likionekana limepigwa dawa, mwenyewe anatajwa mbele ya wote na kusimamishwa msimu mzima.

Sasa kulikuwa na muswada bungeni. Ukipita ulivyo, asiye na cheti cha kampuni haruhusiwi kuuza hata fungu la mchicha kwa jina la kilimo hai. Mama Mboji alikuwa amepanda ngazi za ofisi za watu mpaka magoti yakalalamika, akiomba kipengele kimoja tu: ukaguzi wa wakulima wenyewe ukubalike. Kamati ikasema haya, tutakuja tuone.

Waje waone hili!

Alimkuta mumewe akifagia uwanja, kavaa shati lake la kutokea.

"Baba watoto, nani kapiga dawa?"

Mume akaendelea kufagia. Hapo Mama Mboji akajua.

"Wageni wakubwa wanakuja, kabichi zina matundu kama chujio," mume alisema mwishowe. "Nikaona nilirembe shamba kidogo. Juzi, ulipokwenda mjini."

"Umenirembea shamba au umenichimbia kaburi?"

"Nilidhani..."

"Ungeacha kudhani, ukafagia tu!"

Akampigia simu shoga yake, katibu wa chama. Katibu alifika mbio, viatu mkononi.

"Funika," alisema akihema. "Leo tu, shoga yangu. Wakishaondoka tutakusimamisha hata misimu miwili ukitaka. Ukisema leo, watasema ukaguzi wetu mchezo wa watoto. Wenzako wote watakwisha."

Neno lilimwingia. Akisema, amewaangusha wenzake. Akinyamaza, hao wageni watapitisha sheria juu ya uongo wake.

Magari yakafika. Wanachama walikwisha kujipanga kando ya matuta. Mwenyekiti wa kamati, bwana mnene mcheshi, alimshika mkono.

"Ndiye wewe uliyetusumbua? Karani wangu akisikia sauti yako kwenye ngazi anajificha chooni!"

Watu wakacheka. Mama Mboji naye akacheka, meno nje, jicho kwenye kabichi.

"Nasikia kwenu kabichi inaliwa hapo hapo, haina hofu," bwana akaendelea. Kweli, ndivyo Mama Mboji alivyojigamba kila mkutano. Bwana akainama, akachuma jani, akalifuta kwenye koti. Katibu akamfinya shoga yake kiunoni. Jani likapanda kuelekea mdomoni.

"Usile!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na mkono ulikwisha kumpokonya.

"Samahani, mheshimiwa. Imepigwa dawa. Juzi."

Kicheko kikafa. Bwana akatazama vidole vyake.

"Nani kapiga?"

"Mimi," mume akasema, fagio bado mkononi. "Yeye hakujua."

"Kama mke hajui ya shambani kwake," akauliza mheshimiwa mwingine, mama mwenye miwani, "jirani atayajuaje?"

Katibu alimtupia shoga yake jicho la moto, kisha akawageukia wanachama.

"Kwa kanuni yetu, shamba hili limesimamishwa msimu mzima, na mwenyekiti wetu hatusemei tena leo. Wanaokubali?"

Mikono ikanyanyuka, mmoja mmoja, mizito. Mama Mboji naye akanyanyua wake.

Mama mwenye miwani aliihesabu mikono ile. "Tuonyesheni shamba jingine," akasema. "Ila tunachagua sisi."

Akanyoosha kidole ng'ambo ya mfereji, kwa mjane aliyejiunga msimu huu. Shamba hilo lilikuwa bado halijakaguliwa, na aliyepangiwa kulikagua ni Mama Mboji, lakini ngazi za ofisi zilimlia siku zake.

Wageni na wanachama wakavuka, katibu mbele.

"Tuwafuate?" mume akauliza kwa sauti ndogo.

"Tufuate tukiwa nani? Tumesimamishwa."

Alisimama kwenye tuta lake, akiangalia migongo ikiinama kwenye majani ya mwenzake. Hakuna neno lililomfikia. Mjane yule alikuwa na kaka anayemsaidia shamba kwa mapenzi, na kaka naye alijua kuwa wageni wanakuja, kama alivyojua mume wa Mama Mboji.