Mshale Uliokuwa Sawa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tukipanda mlima wa mwisho kabla ya Nyakoe, pikapu imejaa ndizi hadi juu, na mke wangu Kemunto ameketi kando yangu akinusanusa.

"Baba Nyaboke," akasema, "mimi nasikia harufu ya dizeli."

Nami, bwana mkubwa mwenye usukani, nikamwonyesha geji kwa kidole. "Mshale uko sawa. Unanusa ndizi zako tu."

Ngoja nikueleze jinsi mshale huo ulivyokuwa sawa. Lile gari lilikuwa kuukuu, na milima ya Nyamira haina huruma na gari kuukuu. Fundi Salimu wa Kisii mjini alilifungia pampu ndogo ya kusukuma dizeli kutoka kwenye tangi, na geji ya kupima presha yake karibu na usukani. Akatia alama mbili kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya mkewe, mshale ukae katikati. Kando ya pampu palikuwa na skrubu ya kurekebisha presha. Hiyo aliibana kwa nati akanikataza kuigusa.

"Mshale ukishuka, kijana, shuka nawe ukaangalie filta, mipira, kila kiungo. Usiupandishe kabla hujajua umeshushwa na nini."

Basi ukaanza kushuka, kidogo tu. Ilikuwa siku ya soko, na kwenda kwa Salimu kungenipotezea siku nzima. Nikaingia chini ya gari na spana, nikalegeza nati, nikakaza skrubu, mshale ukarudi mahali pake. Kesho yake ukashuka tena, nami nikakaza tena. Nilijiona fundi! Kumbe mpira mmoja wa kupitishia dizeli ulikuwa umepasuka karibu na ekzosi, na kila nilipoongeza presha ndivyo ulivyozidi kuvuja. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliyaficha kwa spana.

Pale mlimani moshi ukafuka mbele yetu. Nikasimama, nikaruka nje, nikafungua boneti kama mjinga. Moto ukanirukia, ukashika mkono wa shati langu la nailoni. Kemunto hakutafuta maji wala hakupiga mayowe. Aliuzima kwa viganja vyake.

Mimi nilibaki na kovu hili dogo kwenye kiwiko. Yeye vidole vyake vilipona vikiwa vimejikunja, na ndivyo vilivyo hadi leo. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyemshinda kuchuma majani chai, lakini tangu siku ile hajaweza kubana majani mawili na kichipukizi. Wenzake wakiimba nyimbo za kanisani huko shambani, yeye huketi mlangoni akiwasikiliza. Mikono iliyoungua haikuwa ile iliyokaza skrubu. Naumia, mwanangu, na sisemi niliumia.

Lakini lipo linaloniuma zaidi. Akiwa kitandani hospitalini, mikono yote miwili imefungwa bandeji, aliniuliza, "Mshale ulikuwa sawa kweli?"

"Ulikuwa sawa," nikamjibu.

Na ni kweli, ulikuwa katikati ya alama! Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ukweli ule.

Salimu alipolikagua gari aliona skrubu ilivyozama. "Hii haikujikaza yenyewe," akasema. "Nenda kamwambie mama Nyaboke." Nikaitika, lakini sikumwambia. Kila Sabato niliketi kando yake kanisani nikijiahidi kwamba Sabato ijayo nitasema, na Sabato zikapita mpaka mvi zikatuota sote wawili.

Nilisema siku tuliyomwoza binti yetu Nyaboke, wageni walipokwisha kuondoka. Kemunto alikuwa akipanga vikombe kwa vile vidole vyake, na wala hakuacha kupanga.

"Nilijua," akasema. "Kila asubuhi nilikuona ukiingia chini ya gari na spana. Pale hospitalini nilikuuliza ili uniambie mwenyewe. Nilikungoja, baba Nyaboke, mpaka nikachoka kungoja."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Majuto ni mjukuu, husemwa, na huyu wangu nimemlea mpaka amekuwa mtu mzima.

Sasa utanielewa kwa nini nakusimulia haya. Jana, uliponibeba kwa gari lako kwenda Birongo, niliona umebandika selotepu nyeusi juu ya ile taa nyekundu ya kuonya presha ikishuka. Ukacheka ukaniambia, "Mzee, hiyo ni sensa tu, kile kidude kinachowasha taa, imeharibika." Huenda ni sensa. Lakini umejuaje, nawe hujashuka kuangalia?

Bandua selotepu hiyo, mwanangu. Presha ikishuka, tafuta ilikoponyokea kabla hujagusa skrubu, na ukisharekebisha, uendelee kuitazama. Aliyeketi kando yako akisema anasikia harufu, simama, hata kama geji inakusifu. Na ukikosa, sema mapema, bandeji zikiwa bado mbichi, maana anayekungoja naye huchoka.

Nenda salama. Mungu akulinde kwenye milima hii, akupe sikio la kumsikiliza anayekupenda, na akujalie mwenzi ambaye mikono yake itazeeka ikiwa mizima.