Mdogo au mtoko: gundi iliyomtoa Queen shuleni

Jumatatu asubuhi, Newala. Yuliana Chitanda anatenga nywele za mteja kwa mkia wa kitana, anainama, anatazama ngozi ya kichwa. Anaibonyeza kwa kidole. Anasogea kidogo, anabonyeza tena. Mteja, mama wa makamo aliyekaa kwenye mkeka kati ya magoti yake, anachoka.

"Mama Queen, unanisuka au unanitafutia chawa?"

"Naangalia kama una kidonda."

"Kidonda changu kiko kwenye pochi. Nibandike wiving niende zangu. Paka gundi tuachane."

"Gundi sina."

"Saluni gani haina gundi?"

"Hii."

Mteja anasimama, anakung'uta khanga, anavuka barabara kuelekea saluni ya vioo. Yuliana anakunja mkeka. Hamwiti.

Kibanda chake cha mabati kiko nyuma ya soko, na upepo wa Newala unapenya kila tundu. Huu ni msimu wa korosho. Fedha zimeingia majumbani na wanawake wanataka vichwa vya sikukuu. Msimu kama huu Yuliana alikuwa anasuka vichwa vitatu, vinne kwa siku: twende kilioni shilingi elfu tano, rasta ndogondogo elfu ishirini. Siku hizi akipata kichwa kimoja anashukuru, na humo humo atoe ya dumu la maji, maana rasta haitulii bila kuchovywa ncha kwenye maji ya moto, na maji ya Newala hayajawahi kuwa ya kuchezea.

Anajua kwa nini hawaji. "Newala si pakubwa," anasema. "Wananiita yule aliyembandua mtoto wa marehemu dada yake."

Mtoto huyo ni Queen, wa darasa la sita. Mama yake alifariki Queen akiwa bado ananyonya, na Yuliana, mdogo wa marehemu, akamchukua. Hana mtoto mwingine. Ndiyo maana mji mzima unamwita Mama Queen.

Tangu Agosti Queen hajakanyaga darasani.

Yuliana hakusomea ususi popote. Alijifunza kwa kushika vichwa vya wenzake. Miaka michache iliyopita Shakila, Myao mwenye saluni Masasi mjini, alifungua kundi la WhatsApp akaliita Nywele Kusini. Wakaingia Wamakonde wa Newala, Wayao wa Masasi, Wamakua wa Lisekese na Lulindi. Akaingia na Kurwa, Msukuma aliyemfuata mume wake mwalimu, ambaye ndiye aliyewafundisha kuzichovya ncha pasipo kumuunguza mtu mgongo. Yuliana naye aliwaonyesha namna ya kuanza rasta bila fundo, ili isivute ngozi.

Kwenye kubandika, bingwa alikuwa Adija wa Lisekese, mama mtu mzima, Mmakua, ambaye wenzake humwita Mama Nasibu. Aliweza kukaa na kichwa kisicho na nywele za kushika kabisa akakitoa na nywele za kufika kiunoni.

Mle ndani hawakuandikiana. Walirekodi sauti. Mikono ya msusi ina mafuta, na kwa baadhi yao kuandika ni kazi nzito kuliko kusuka. Adija aliacha shule darasa la tatu.

Sauti hizo zilikuwa na utani wake. Kimakua hakina b, d wala g kama za Kiswahili, na Mmakua wa rika la Adija akisema "gari" utasikia "kari". Basi Wamakonde walikuwa wanamchokoza kila asubuhi.

"Mama Nasibu, shikamoo. Dagaa wapo sokoni leo?"

"Marahaba. Takaa wapo. Kwa nyie Wamakonde vimebaki vichwa."

"Heri vichwa kuliko panya mnaowala nyie Wamakua!"

"Panya gani? Alimwona bibi yako na chale zake mpaka puani, akahama mji."

Walicheka hivyo, kisha mtu anauliza la maana, na anajibiwa.

Juni mwaka huu, shule zikiwa zimefungwa, Queen alikuwa anatolewa unyagoni. Siku ya kutolewa mwali anavalishwa, anapambwa, anatazamwa na ukoo mzima. Lakini shuleni watoto hunyolewa, na nywele za Queen zilikuwa hazijafika hata urefu wa punje ya mchele. Yuliana akarekodi sauti kwenye kundi: mwali wangu anatoka Jumamosi, nywele hana, nibandike vipi?

Adija akajibu akiwa anapika, sufuria zikigongana nyuma yake. Sauti hiyo bado iko kwenye simu ya Yuliana. Adija anaeleza gundi ya kununua, anaeleza namna ya kuvisha kofia ya neti. Kisha anasema: "Kama ni ya mdogo, bandika juu ya kofia. Kama si ya mdogo, paka kichwani moja kwa moja."

Hivyo ndivyo alivyokusudia: mdogo, yaani mtoto. Kwenye simu, "mdogo" ya Adija ilitoka "mtoko".

"Nikasikia mtoko," anasema Yuliana. "Kama ni ya mtoko, weka juu ya kofia. Kama si ya mtoko, kichwani. Nikawaza, mtoko ni wa siku moja, umeenda harusini umerudi. Mwali wetu akishatolewa anazungushwa kwa ndugu, huku anapewa kuku, huku kitenge. Atazunguka wiki nzima. Nikasema, basi hii si ya mtoko."

Akapaka gundi kwenye ngozi ya mtoto, moja kwa moja.

"Alipendeza," anasema. "Nisidanganye. Alipendeza mpaka nikalia."

Kabla wiki haijaisha Queen alianza kujikuna. Yuliana akamwambia avumilie, bado nyumba za huku na kule hazijamwona. Queen akavumilia, maana ametoka kufundishwa unyagoni kwamba mwanamke huvumilia. Ilipoanza harufu, Yuliana alijaribu kubandua kwa mafuta ya kula, kisha kwa sabuni na maji ya moto. Nywele zilitoka na ngozi.

Hospitali walimsafisha, wakampa dawa, kidonda kikafunga. Daktari akasema mashina ya nywele yamekufa. Upande wa kulia, kuanzia juu ya sikio hadi karibu na utosi, pamebaki kovu la kung'aa la ukubwa wa kiganja. Hapataota kitu.

Shule ilipofunguliwa, Queen alienda na kichwa kilichonyolewa kama wenzake, kovu likiwa wazi. Watoto wakampa jina: Raba, kwa vile kovu lile ni laini na linang'aa. Mwalimu mkuu akaruhusu avae kilemba. Wakawa wanakinyofoa na kukirushiana. Asubuhi moja Queen alivaa sare, akafika mlangoni, akarudi akakaa kitandani na viatu vyake.

"Sikumpiga," anasema Yuliana. "Ningempigia nini?"

Kwenye kundi, picha ya kichwa cha mtoto iliamsha moto. Wamakonde wakasema Mmakua ametuharibia mwali. Wamakua wakasema masikio yenu ndiyo mabovu, amesema mdogo. Ile sauti ikachezwa na kuchezwa. Shakila anasema aliisikiliza mpaka simu ikazima.

"Nikitaka kusikia mtoko, nasikia mtoko. Nikitaka mdogo, nasikia mdogo," anasema Shakila. "Nimhukumu nani hapo?"

Alichofanya ni kupiga marufuku sauti. Anayetaka kufundisha aandike. Tangu siku hiyo wanaofundisha ni wale wenye kalamu nyepesi, na wengi wao si wale wenye mikono ya kazi. Adija aliandika neno moja tu, "samahan".

Mwishoni mwa Oktoba alipanda mwenyewe kwenda Newala, mfuko mkononi, bila kutuma habari.

Yuliana alikuwa kibandani na kaka yake Fortunatus, mkulima wa korosho. Yeye ndiye mjomba wa Queen, na kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Yuliana hakumpa mgeni shikamoo. Anakiri kwamba lilikuwa tusi, na alilikusudia. Fortunatus ndiye aliyefungua mdomo.

"Umekuja kumalizia kichwa kilichobaki?"

Adija alikaa chini kwenye udongo, mbali na mkeka. Queen, aliyekuwa pembeni anakunja rasta, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie mama yako mdogo nimekuja kuomba radhi."

Ikasikika "mama yako mtoko". Queen akaangua kicheko. Yuliana anasema hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu Julai, akaenda kuchemsha chai.

Mfukoni mlikuwa na kofia ambayo hakuna mtu anayeiuza. Wigi hutengenezwa ili mtu awe na nywele ndefu. Hii Adija aliishona kwa rasta na kuikata iwe fupi kama kichwa cha mwanafunzi aliyenyolewa majuma mawili nyuma. Queen akaivaa, akatoka nayo juani, akatazama kioo. Rasta ni plastiki. Zikiwa ndefu hazisemi, zikiwa fupi zinameta kama mfuko wa sokoni. Akaivua, akaiweka magotini mwa Adija taratibu, akarudi kwenye kona yake.

"Zinatakiwa nywele za mtu," Adija akasema. "Ndefu. Unazifunga moja moja kwenye neti, ukimaliza ndiyo unakata."

Fortunatus akainuka. "Nywele za mtu baki hazikai juu ya kichwa cha mtoto wetu. Kama ni hivyo abaki nyumbani. Nitamtafutia kazi ya kubangua korosho, huko hawaangalii kichwa."

Hilo si jambo dogo huku. Nywele zilizoanguka huchomwa au hufukiwa, zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Yuliana mwenyewe humfungia kila mteja zake kwenye karatasi aondoke nazo.

Adija alishuka kwao Lisekese bila jibu. Novemba alipanda tena, akaongea na Fortunatus shambani, chini ya jua, huku akimsaidia kuokota korosho. Hatimaye mjomba alilegeza jambo moja: zikiwa za tumbo moja, sawa.

Kati ya wanawake wa tumbo moja na marehemu, amebaki Yuliana.

Jumanne, siku moja baada ya yule mteja kuondoka, Yuliana alifumua rasta zake, akafunga nywele zake kwa uzi mafungu mafungu, akampa Fortunatus mkasi. Kaka yake alikata, kisha akamalizia kwa wembe. Jumatano majirani walianza kuingia kibandani kwa sauti za chini. Huku mwanamke akinyoa kipara, amefiwa.

"Pole, Mama Queen. Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Usifiche, mama. Ni nani?"

Kufika jioni alikuwa amechoka kukanusha, akawa anapokea pole.

Alhamisi Adija yupo Newala kwa mara ya tatu. Amekaa kwenye mkeka, miwani puani, anafunga nywele za Yuliana kwenye neti kwa sindano iliyopindwa. Amefika nusu. Hii haimeti. Queen anaishika, anapitisha kiganja juu yake, anarudia. Kisha anauliza jambo ambalo watu wazima hawakuwa wamelifikiria.

"Za wenzangu zitakuwa zinaota. Mwalimu akisema tukanyolewe, mimi nitanyoa nini?"

Yuliana anaitazama neti, anaitazama mikono ya Adija. Kofia moja itakuwa na urefu ule ule Januari mpaka Machi, na watoto wana macho. Zinahitajika mbili: ya siku ya kunyolewa, na ya majuma ya baadaye. Nywele za Yuliana zinatosha moja.

Adija anaweka sindano chini, anavua mtandio. Nywele zake ni nyingi, zimesukwa mistari, nyeusi bado isipokuwa mbele.

"Zangu hizi."

"Mama Nasibu, kaka hatakubali."

"Mwambie kaka yako ni za mbuzi."

Kwa mdomo wake zinakuwa za "mpuzi". Yuliana anacheka mpaka anajifuta macho kwa khanga, kisha kicheko kinakatika. Anasema hatamwambia kaka yake uongo. Jumapili akitoka kanisani atampelekea Fortunatus neno lote kama lilivyo, kwamba kofia ya pili itakuwa ya nywele za Mmakua. Akikataa, Queen ataanza Januari na ile moja, na watahesabu itafika wapi kabla watoto hawajagundua.

"Darasa la saba ni mwaka mmoja," anasema Yuliana. "Namtaka afike kwenye mtihani tu. Akishaumaliza, akitaka kuitupa hiyo kofia atembee na kovu lake, aitupe. Safari hii aamue mwenyewe kichwani mwake panakaa nini."

Queen hasemi kama ataenda shule. Amevuta kigoda hadi miguuni kwa Adija, na kwa mkia wa kitana ameanza kumfumua mstari wa kwanza.