Nusu ya Ushuhuda

Kila tarehe ishirini na nane Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, parokia moja ya Mikelenge, mjini Kindu, ilizoea kumsimamisha Bernadette Misenga mbele ya waumini atoe ushuhuda. Ni desturi ya chama cha akina mama, na kwa miaka kumi na miwili mfululizo mtoaji alikuwa yeye yule. Si mtu wa maneno. Ni mshonaji, binti wa mzee Ngoyi aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli akazeekea hapahapa Kindu. Lakini siku hiyo huvaa kitenge cha chama, hukohoa kidogo, kisha husema yaleyale. Kwamba mwaka 2002, mji umezingirwa, treni haifiki na chumvi inauzwa kwa kijiko, alikwenda shambani kutafuta sombe, majani ya muhogo, akakutana na wenye bunduki. Kwamba alirudi na mimba yao. Kwamba alizaa, na aliyezaliwa ni yule pale, Blaise, mwalimu wa kwaya. Vigelegele hupasua paa, na padri huongeza kuwa uhai ni wa Mungu na mwenye kutoa mimba ni muuaji.

Yote hayo ni kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili Bernadette aliimeza kwa miaka ishirini na zaidi. Alipojua ana mimba alikwenda kwa bibi mmoja mjuzi wa mizizi, akanywa kikombe kizima, akalala juu ya mkeka siku tatu akitokwa na damu na kuomba mimba itoke. Haikutoka. Daktari wa kumwendea hakuwepo, na hata angekuwepo, sheria iliwaahidi jela mwanamke na aliyemsaidia. Waliombaka hakuna aliyewatafuta. Hiyo ndiyo haki ya dunia yetu, tuiache. Bernadette alizaa kwa sababu mizizi ilishindwa. Kisha akampenda yule mtoto, akampenda kufa, na hapo ndipo ulimi ulipofungwa. Utamwambiaje kijana anayekuamkia kila asubuhi kabla ya kunawa uso kwamba ulikunywa dawa ili asizaliwe?

Basi akawa anatoa nusu yake, watu wanapiga vigelegele, na maisha yanakwenda.

Oktoba ya mwaka jana aliletewa Ange. Tuseme alijileta. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba kama ufito, na alikuwa akijifunza kushona kwa Bernadette kila akitoka shule. Mama yake, Tshibola, ni mjane, jirani ya Bernadette, na katibu wa kile chama cha akina mama. Nyumbani kwao alikuwa amepanga mchuuzi wa madini kutoka Punia, mtu wa kucheka na kugawa biskuti. Siku moja Tshibola akiwa sokoni, yule mtu alimkamata Ange kwa nguvu. Wiki hiyohiyo akahama bila kuaga.

"Mama Bernadette," Ange alisema, macho kwenye cherehani, "miye niko na mimba. Mama anajua. Alienda mpaka polisi. Lakini miye sitaki kuzaa. Naogopa."

Bernadette aliacha suruali ya watu bila pindo, akamshika mkono, wakaenda hospitali. Huko daktari Okito alimpima mtoto taratibu, akamtuma nje, akafunga mlango.

"Mama, sheria ya zamani ingali iko," alisema, "lakini tangu mwaka 2018 kuna ingine, iliandikwa mu gazeti ya serikali. Mutoto akibakwa, munganga anaweza kutoa mimba. Na huyu mwili wake ni mudogo sana, kuzaa kwake naogopa. Lakini ni mutoto. Bila signature ya muzazi siwezi kumugusa. Na musikawie, siku zinaenda."

Bernadette alirudi na karatasi ya kutiwa sahihi, roho kwatu. Aliona jambo limekwisha! Mzazi gani angekataa kuweka sahihi ya kumponya mwanawe?

Tshibola alikataa. Na msimdhanie mwanamke mwovu. Alikuwa amemlilia binti yake mpaka sauti ikamkauka. Aliisoma karatasi yote, akaikunja, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama Bernadette, wewe njo ulinifundisha. Ningekuwa sijakusikia, leo ningesaini. Wewe ulizaa mu vita, bila chumvi, bila nguo ya kufunga mutoto. Ange atashindwa namna gani mu amani? Na ona Blaise. Kama ungetoa, leo nani angetuimbisha?"

Bernadette alifungua mdomo. Uani kwa Bernadette, Blaise alikuwa akiwasaidia watoto wa jirani kuimba do re mi, sauti yake ikisikika mpaka kwa Tshibola. Bernadette akaufunga mdomo.

Kwa wiki mbili alikuwa akikata vitambaa vya watu vibaya. Alikwenda kuungama. Padri alimwondolea dhambi ya mwaka 2002 kwa muda mfupi kuliko wa kutia uzi kwenye sindano, na kwa sauti ya upole kabisa. Alipomtaja Ange, padri akasema hilo hawezi kuliruhusu. Ange naye aliendelea kuja kushona. Alikuwa akitapika nyuma ya nyumba, anasukutua, anarudi kwenye cherehani, na Bernadette alijiona bure kabisa, mtu mzima asiye na faida.

Wiki ya tatu akapiga moyo konde. Alimkuta Tshibola akisonga fufu, akamwambia yote: bibi, kikombe, mkeka, damu. Akamwambia, "Sikutaka kuzaa, mama. Nilitaka kutoa. Nilishindwa tu. Saini, nakuomba. Usimufunge mutoto na maneno yangu."

Tshibola aliacha mwiko ndani ya sufuria. Bernadette akaanza kutumaini. Kisha uso wa Tshibola ukang'aa.

"Kumbe ulikunywa! Ulikunywa, na Mungu alikatala!"

"Si Mungu. Ni mizizi haikuwa na nguvu."

"Alikatala, mama! Kwa nini ulituficha muujiza hivi?" Akamkumbatia huku analia. Karatasi ilikuwa kati yao, ikakunjamana.

Bernadette alirudi kwa Tshibola mara nne. Alikwenda kwa Okito, naye akasema bila mzazi mikono yake imefungwa. Mwisho wa Novemba akamwambia kuwa muda umepita, wabaki kuomba uzazi uwe salama.

Siku ya sikukuu Bernadette alikataa kusimama. Tshibola akasimama badala yake. Akaeleza yote kwa furaha ya kweli, na mizizi, na siku tatu za damu, na jinsi Bwana alivyomlinda Blaise tumboni. Vigelegele vya mwaka ule vilipita vya miaka yote. Mbele ya kwaya, mkono wa Blaise ulibaki umeinuliwa, na waimbaji wakawa wanausubiri ushuke.

Baada ya misa alimfuata mama yake nje, chini ya ukuta.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Na mbele ya watu ulikuwa unanyamaza juu yangu, nisiumie?"

"Juu yako."

Blaise alitazama mlango wa kanisa, ambako Tshibola alikuwa akimshika Ange kwapani ashuke ngazi, tumbo limekwisha kutangulia.

"Miye sikukuomba unyamaze, mama," alisema.

Ange akapita mbele yao, mkono mmoja kiunoni, akawasalimu wote wawili kwa adabu.