Programu Yangu Ilipochoka Katikati ya Harusi

Mpaka leo nikikutana na mtu aliyekuwepo kwenye harusi ya Achieng' pale Nateete, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba, maana aibu ile haijanitoka.

Achieng' ni rafiki yangu tangu tutoke Kisumu kuja Kampala, na mimi ndiye niliyetengeneza programu ambayo kanisa letu hutumia kuonyesha nyimbo kwenye skrini kubwa. Sasa Kato, fundi wetu wa sauti, akawa analalamika, "Dada, hii programu yako inakula memori, kompyuta inakuwa nzito." Nikachukia (ukigusa kazi yangu umegusa mtoto wangu), nikaamua programu ijipime yenyewe memori inayotumia, ikizidi kiwango itoe onyo, na onyo lenyewe nikaliandika kwa utani nikijua nitaliona peke yangu.

Ambacho sikukifikiria ni kwamba kila kipimo kilikuwa kinahifadhiwa humohumo kwenye memori, hakuna kinachofutwa, yaani programu inanenepa kwa kujipima! Nyumbani niliijaribu kidogo tu nikaifunga. Siku ya harusi iliwashwa tangu asubuhi.

Mchungaji akauliza, "Achieng', unakubali Musoke awe mume wako?" Achieng' akavuta pumzi, na hapo kwenye skrini, juu ya kichwa chake, zikatokea herufi nyekundu, kubwa: NIMECHOKA, SIWEZI KUENDELEA.

"Banange, jamani!" akapiga ukelele mama yake Musoke. Musoke akatazama skrini, akamtazama Achieng'. Nikakimbilia kompyuta, nikabofya, imeganda, nikachomoa waya kwa nguvu, kumbe ni wa maikrofoni! Achieng' anajibu, tunaona mdomo tu, na yale maneno bado yako pale juu.

Ndipo akapaza sauti kanisa zima likasikia: "Nimesema nakubali! Aliyechoka ni kompyuta!"

Watu wakacheka, Musoke akalia. Kato akaja akazima projekta, akanirudishia waya wa maikrofoni mahali pake, na wema huo ndio ulioniuma kuliko kelele zote, kwa sababu nilipokaa chini nilijua kwamba sikupima ili nijue ukweli, nilipima ili nimshinde.

Siku hizi programu inabaki na kipimo cha mwisho tu, na mtu akiniambia kazi yangu ni nzito, namwomba kwanza anionyeshe wapi.