Kuvu Kifuani mwa Baba

Baba alirudi kutoka hospitali akiwa amepona kifua kikuu, au ndivyo tulivyoambiwa. Tulikuwa tukikaa Temeke, naye alikuwa mpagazi bandarini. Alichokitaka ni kimoja tu: kula nasi sinia moja. Wakati wa ugonjwa alitengewa sahani na kikombe chake, akila kibarazani peke yake kama mgeni asiyealikwa.

Basi tukala naye mwezi na kitu. Halafu akaanza tena kukohoa damu.

Bibi, mama yake Baba, hakungoja. Siku ileile akaitoa ile sahani. Alikwishazika wanawe wawili kwa kifua, hakutaka kusikia la mtu.

Mama akampeleka Baba hospitali, akapigwa picha. Daktari akasema kifua kikuu hakijarudi. Kilipopona kiliacha shimo kwenye pafu, na humo shimoni mmeota kuvu, kama ile ya mkate uliolala. Ni ugonjwa wa nadra, dawa yake hawana, lakini hauambukizi. Mama alirudi na habari hiyo huku analia, huku anacheka.

"Kuvu?" Bibi akasema. "Toka lini mtu akaota kuvu? Mwanangu mkate? Wamekudanganya, nawe umedanganyika!"

Majirani nao, loh! Hao wamenichoma roho mpaka leo. Wanakuja kumjulia hali, wanasimama nje ya mlango, khanga mdomoni, wanaondoka hata maji hawajanywa.

Sikukuu ya Idi, Mama hasira zikampanda. Akapakua pilau sinia moja, akamshika Baba mkono, akamketisha kati yetu. "Leo tunakula wote." Bibi akainuka, akawavuta wadogo zangu, akaondoka nao. Baba alikuwa ameshamega tonge. Akalirudisha taratibu ukingoni mwa sinia.

"Nimeshiba," akasema. Alikuwa hajatia kitu kinywani. Mungu wangu, uchungu ule mie siwezi kuueleza. Tangu hapo akawa anachukua sahani yake mwenyewe kwenda kibarazani, hangoji kuambiwa.

Alikufa asubuhi moja, damu ilimtoka nyingi kwa mkupuo. Sote tuliganda. Bibi ndiye aliyemkimbilia, akamkumbatia, akamfuta mdomo kwa khanga yake, kisha kwa mikono mitupu, damu ikamwenea mpaka usoni.

"Leo humwogopi?" Mama akamuuliza.

"Sijamwogopa hata siku moja," Bibi akasema. "Nilikuwa nikiwaogopea hawa wanao."

Baba alikuwa ameshakufa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mama yake hakuwa akimwogopa yeye.