Msemaji wa Soko

Nilikuwa nauza vitenge Butembo waasi walipoushika mji. Mali yetu ilipitia Beni kwa lori, na kila lori lilisimamishwa njiani na askari wao. Kwa hiyo kamanda alipotuita watu wa soko kwenye uwanja wa parokia, ili tupate msemaji wa kujadiliana naye juu ya vizuizi, tulifunga meza zote tukaenda. Tukipewa msemaji mbovu, biashara imekwisha.

Mtu aliyesimamishwa mbele awe msemaji tulimjua sana. Enzi za chama kimoja alikuwa mkubwa wa chama hapa mjini, na aliyethubutu kufunga tai, iliyopigwa marufuku na rais, alimpeleka kwa polisi. Leo alikuja na tai nyekundu. Alimwambia kamanda kwamba tangu zamani yeye ni mpinzani, tena aliteswa. Aliteswa wapi? Nilipandwa na hasira, nikaanza kusimama. Mama mdogo wangu, muuza maharagi, alinivuta kitenge.

"Ikala chini, weye! Bale bana bunduki."

Kamanda alikuwa kijana mpole, aliyekulia ng'ambo ya mpaka. Alitaka kila kitu kiende kwa haki. Akanyanyua mkono juu, akapaza sauti:

"Ba mama, benye banamutaka huyu ni bangapi?"

"Moya!"

Uwanja mzima ulijibu kwa pamoja: wauza samaki, wenye malori Waislamu wa Beni, mimi pia. Hakuna aliyepanga. Midomo ilijibu yenyewe, tukabaki tunatazamana, halafu kicheko kikaanzia nyuma.

Nieleze, maana wanangu wakisikia hadithi hii hawaelewi. Tukiwa shuleni, kabla ya masomo tulicheza ngoma na kumwimbia rais sifa, ndiyo animasio. Kiongozi ananyanyua mkono, anauliza: Baba ni bangapi? Chef ni bangapi? Chama ni bangapi? Nasi tunajibu: Moya! Yaani baba mmoja, mkuu mmoja, chama kimoja. Ukichelewa, fimbo. Na aliyesimama mbele yetu na filimbi, aliyetufundisha mpaka tukajibu bila kufikiri, ni huyuhuyu bwana wa tai.

Kamanda hakuyajua hayo. Alimgeukia kwa huruma kabisa.

"Mutu moya tu, mzee? Na batu bote hawa?"

Bwana akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema: hapana, afande, hilo si jibu, ni mazoea yao ya zamani. Lakini kamanda angeuliza mazoea gani, kisha angeuliza ni nani aliyewazoesha. Akautazama umati. Kicheko kilikuwa kimekatika, na sisi sote tulikuwa tunamngoja, kwa raha, nakiri, atoe maelezo.

"Ni vile, afande," akasema. "Ni mutu moya."

Akaketi. Sisi tukamchagua mama mdogo.